Mafundo ya Mlingoti wa Nyuma

Mume wangu ameng'oa meno ya watu kwa miaka thelathini na moja, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kuiogopa mikono yake mpaka Jumatano ile binti yetu alipokuja na shavu limevimba.

Binti yetu tunamwita Kasuku. Alianza kusema kabla hajaanza kutembea na hajanyamaza mpaka leo. Tofauti ni kwamba siku hizi analipwa. Anasoma taarifa ya habari redioni, ya asubuhi na ya saa saba mchana. Jumatano hiyo aliingia jikoni kwetu akiongea kwa upande mmoja wa mdomo, kama mtu aliyeficha pipi, akaomba chai vuguvugu na kijiko.

Baba yake akamkalisha karibu na dirisha, akamwinua kidevu, akachungulia kwa tochi ya simu.

"Gego la mwisho," akasema. "Limelala ubavu kama mlevi. Jumamosi saa nne njoo kliniki, nalitoa."

"Litauma?"

"Hutasikia kitu. Ila hiyo si kazi ya kuchezea. Mzizi wake umekaa jirani kabisa na mshipa wa fahamu. Mkono ukiteleza kidogo tu, mdomo wa chini unabaki na ganzi."

"Kwa siku ngapi?"

"Wengine wiki. Wengine moja kwa moja."

"Baba! Mimi nakula kwa mdomo huu."

"Kila mtu anakula kwa mdomo," akajibu, na wote wawili wakacheka, yeye kwa sauti, Kasuku kwa shavu moja. Kisha Kasuku akauliza, kwa utani tu, maana ndivyo walivyo: "Na mikono bado ipo, Nahodha?"

Nahodha ni jina alilomtungia baba yake kwa ajili ya meli. Mwingine angeudhika kuulizwa swali hilo na mtoto wake. Huyu wangu alifurahi, tena akasimama na kikombe chake hajakimaliza. "Njoo uone," akasema.

Niliwafuata na sinia la vyombo. Laiti ningebaki jikoni nikaosha vikombe.

Chumba cha meli kilijengwa kiwe stoo. Hakina nafasi ya zaidi ya meza moja, benchi moja na taa ya kukunja shingo, na ukiingia lazima uvute tumbo ndani. Michoro imebandikwa ukutani mpaka juu. Mezani imesimama meli yenyewe, meli ya kivita ya zamani, ya enzi za mizinga ya shaba, yenye milingoti mitatu na urefu unaozidi mkono wangu kwa kiganja kimoja. Aliianza miaka miwili iliyopita, ubao kwa ubao. Kila ubao, mwembamba kama rula ya shule, aliuloweka kwenye maji ya moto mpaka ukalainika, akaukunja juu ya mbavu za meli na kuubana kwa vibanio vyangu vya nguo, ambavyo mimi nilivitafuta nyumba nzima nikidhani mwizi siku hizi anaiba vibanio.

Sasa alikuwa amefika kwenye ngazi. Kila mlingoti unashikiliwa na kamba nene zinazoshuka mpaka ubavuni, na juu ya kamba hizo mabaharia walifunga kamba nyembamba za kukanyaga, moja juu ya nyingine, wapate kupanda. Kwake kamba nene ni uzi wa kushonea viatu, na kamba nyembamba ni uzi wa hariri uliopitishwa kwenye nta. Kila kipandio kinavuka kamba nene sita, na kila kinapovuka kinafungwa fundo. Mafundo sita kwa kipandio, vipandio thelathini kwa ngazi, ngazi sita kwa meli nzima. Piga hesabu mwenyewe, mimi kichwa kinaniuma.

"Kila jioni nikirudi kliniki," Nahodha akamwambia Kasuku, "kabla hata ya kuvua viatu, nafunga kipandio kimoja. Mafundo sita. Natia tone la gundi, naacha. Siyatazami mpaka kesho yake jioni, yakishakauka."

"Kwa nini usiyatazame hapo hapo?"

"Kazi mbichi haipimwi, mwanangu. Hata jino nikiliziba, siihukumu dawa ikiwa bado mbichi. Uzi wenye gundi mbichi unalegea, unakutia wasiwasi bure. Ukikauka unajikaza, ndipo unajua mkono wako ulifanya nini." Akamvika ile lenzi yake ya kichwani. "Tazama ngazi zote. Hii ndiyo hospitali yangu. Siku nikikuta fundo moja limelegea na limekauka, siku hiyo hiyo natundika koti jeupe. Sisubiri wagonjwa waje kuniambia. Baba yangu alisubiri."

Habari ya baba yake naijua. Alikuwa kinyozi, na mkono ulipoanza kutetemeka alisema ni baridi, kisha akasema ni wembe, na wateja wakaondoka mmoja mmoja mpaka mtu mmoja akatoka nje ameshika sikio linalovuja damu, na barabara nzima ikacheka. Mume wangu alikuwa na miaka kumi na miwili. Alikuwa amesimama mlangoni na ufagio.

Kasuku aliinama juu ya meli, akaizunguka pole pole. "Jamani," akasema. "Kama yamefungwa na mashine. Na huku mlingoti wa nyuma ndiko kuzuri kuliko kote."

"Umri unaninoa," Nahodha akasema.

Vikombe vikaanza kugongana kwenye sinia langu.

"Mama, ni wewe unayetetemeka," Kasuku akasema, akacheka tena kwa shavu moja.

Nilirudi jikoni nikashika ukingo wa sinki. Mafundo ya mlingoti wa nyuma hakuyafunga yeye. Niliyafunga mimi.

Mimi ni mshonaji. Cherehani yangu iko sebuleni, na kila asubuhi Nahodha akishaondoka napita na kitambaa cha vumbi kabla wateja hawajaanza kugonga. Miezi minne kabla ya Jumatano hiyo, nikifuta meza ya meli, niliona kipandio kimoja kwenye mlingoti wa katikati kimelegea. Fundo moja tu, uzi umeinuka kama kope iliyogeuka. Mtu mwingine angepita. Mimi nikiona mshono umekaa upande silali. Nilichukua kibano chake na mkasi wangu mdogo, nikalikata, nikafunga jingine, nikatia gundi. Dakika tano. Jioni akavaa lenzi, akatazama, akatoka chumbani anapiga mluzi, akaniambia, "Mama Kasuku, mkono wangu bado mkono." Hakuwa amepiga mluzi kwa muda mrefu. Ningefanya nini?

Wiki iliyofuata yalikuwa mawili. Kisha matatu. Mwishowe ikawa kila asubuhi nakuta kipandio kizima kimeyumba, gundi imedondoka pembeni, na mimi nakikata chote na kukifunga upya kabla ya kuwasha cherehani. Niliona kama nampelekea mtu chai kitandani. Kitu kidogo, cha mapenzi, kisicho na haja ya kutangazwa.

Na mabaki sikuyatupa. Mshonaji hatupi vipande, hiyo moja. Na ya pili, vilikuwa vyake. Jikoni tuna kalenda ya kuchana, ile ya karatasi moja kwa kila siku, na mimi ndiye huchana ya jana kila asubuhi. Nikawa naviringisha mafundo yake kwenye karatasi ya siku aliyoyafunga, naiweka kwenye kopo la biskuti chini ya vifungo. Ukiniuliza nilikuwa nayatunza kwa ajili gani, sijui.

Usiniulize pia kama nilijua mkono unatetemeka. Nilijua. Kikombe alikuwa anakishika kwa mikono miwili, vifungo vya shati ananiachia mimi kwa utani. Nilijua vilevile kwamba kila asubuhi anakwenda kuingiza vyuma vyenye ncha midomoni mwa watu. Mambo hayo mawili niliyaweka kwenye droo mbili tofauti, na sikuzifungua zote kwa wakati mmoja. Hata Mama Taa alipoondoka sikuzifungua. Mama Taa alikuwa msaidizi wake kwa miaka tisa. Tulimwita hivyo kwa sababu kazi yake kubwa ilikuwa kuelekeza taa mdomoni mwa mgonjwa. Mwezi mmoja kabla ya Jumatano hiyo, mgonjwa mmoja alichanwa mdomo. Nahodha alirudi nyumbani amekunja uso, akasema Mama Taa alisogeza taa wakati mbaya. Alimgombeza mbele ya mgonjwa. Mama Taa alimaliza wiki yake, akakunja aproni yake, akaondoka. Nahodha hakusema uongo. Aliamini hivyo, maana jioni hiyo alivaa lenzi na kukuta mafundo ya jana yake safi kabisa.

Ndicho nilichokielewa pale kwenye sinki. Mimi nilidhani ni meli tu. Kumbe mwenzangu alikuwa anaiuliza swali kila jioni, na kila asubuhi mimi ndiye niliyekuwa nalijibu kwa niaba ya meli.

Basi nikakata shauri. Nitaacha kugusa. Alhamisi jioni atakuta mafundo mabovu yaliyokauka, na kwa neno lake mwenyewe atatundika koti kabla ya Jumamosi. Sitahitaji kusema chochote. Angalia nilivyokuwa mwoga: nilitaka uzi useme badala yangu.

Alhamisi asubuhi nilisimama mbele ya kipandio cha Jumatano. Kilikuwa kibaya kuliko vyote nilivyowahi kuona. Moja kati ya mafundo sita halikuwa hata fundo. Mkono uliniwasha. Nikatoka nikafunga mlango. Kutwa nzima nilishona gauni la mteja na mara mbili nikaunganisha mkono wa kushoto mahali pa mkono wa kulia.

Jioni nilimsikia akiingia, akiwasha taa. Nikasimamisha cherehani ili nisikie. Nikahesabu vifungo vya gauni la mteja, nikavihesabu tena. Kisha akaita.

"Mama Kasuku! Huu uzi mpya ulinunua wapi?"

"Uzi gani?"

"Huu wa hariri. Hauna kitu. Tazama ulivyojinyonga!" Alitoka na kibonge cha uzi mkononi, na uso wake haukuwa na hofu hata chembe. Alikuwa na hasira za mtu aliyeuziwa kitu kibovu. "Miezi yote hii hakuna hata fundo moja lililonigomea, leo sita kwa mpigo? Hapana. Huo si mkono, huo ni uzi."

Akautupa, akafungua kibonge cha zamani, akakikata kipandio kile na kukifunga upya. Nilisimama mlangoni nikitazama mgongo wake. Miezi minne ya mafundo safi ilikuwa inamtetea, na shahidi huyo nilimshona mimi kwa mkono wangu.

Ijumaa nilimpigia simu Kasuku kabla hajaingia studio. Nilikuwa nimejiandaa kabisa. Aliposema "Haloo, Mama" nikashika njia nyingine.

"Nimeota vibaya," nikasema. "Kuhusu jino lako. Nenda hospitali kubwa."

"Mama, tangu lini wewe unaota?"

"Nimeanza."

"Baba ndiye aliyening'oa meno yote ya utoto. Kuna mtu mwingine namwamini ninapofumba macho na kufumbua mdomo?" Nikasikia mtu akimwita nyuma. "Nakwenda hewani. Kunywa maji, mama yangu, pumzika."

Nikafungua redio, nikamsikiliza akisoma habari za mafuriko mahali fulani na bei za mahali fulani. Ana sauti nzuri, haipigi kelele, kila neno linatoka limekamilika. Nilikuwa nautazama mdomo ambao siuoni. Nikawaza ganzi ikikaa pale moja kwa moja, herufi zikimwagika kama chai kwenye kikombe chenye ufa, na baba yake akimweleza kwamba ilikuwa taa.

Ijumaa jioni mafundo ya Alhamisi yalikuwa yameoza vilevile. Safari hii alilaumu unyevu. "Hili dirisha halifungi vizuri," akasema, akaanza kuziba upenyo kwa gazeti. Alikuwa anapiga mluzi. Mimi nilikwenda kumpigia pasi koti jeupe la kesho, kwa sababu ndiyo kazi yangu ya Ijumaa, na nikalipiga pasi mara tatu.

Jumamosi saa mbili na nusu alikuwa mezani, amevaa, amenyoa, kikombe mikononi miwili. Nilileta mkate, nikaleta siagi, kisha nikaleta kopo la biskuti na kuliweka katikati.

"Leo tunakula vifungo?" akauliza.

"Kabla hujaenda," nikasema, "mafundo ya meli nilikuwa nayafunga mimi."

Alicheka. Kweli alicheka, akapaka siagi. "Yapi?"

"Ya mlingoti wa nyuma yote. Na mengi ya katikati. Ulikuwa unafunga jioni, yanakauka yamelegea, asubuhi nayakata nafunga mengine."

"Mama Kasuku, usinitanie. Leo nina kazi ya mshipa."

"Ndiyo maana nakwambia leo. Nenda katazame. Mimi natumia mkono wa kushoto, na mikia ya mafundo yangu inalala kushoto. Ya kwako inalala kulia."

Aliweka kisu chini. Aliingia chumba cha meli na nikasikia taa ikibofywa. Nilibaki nimekaa natazama siagi. Nilikuwa naogopa atarudi haraka, kisha nikawa naogopa kwamba harudi. Aliporudi, lenzi ilikuwa bado kichwani na alama nyekundu kwenye paji la uso.

"Kuanzia wapi?" akauliza.

"Mlingoti wa katikati, ngazi ya pili, kipandio cha nne."

Sikutegemea swali lililofuata. Nilitegemea kelele. Aliuliza, kwa sauti ile ile anayomuulizia mgonjwa jino limeanza kuuma lini: "Yangu uliyapeleka wapi?"

Nikafungua kopo, nikaondoa vifungo, nikampa karatasi za kalenda.

Alisogeza mkate na vyombo, akazipanga mezani kwa tarehe, safu baada ya safu, akazifungua moja moja. Kwenye za mwanzo kulikuwa na fundo moja, kama punje ya pilipili manga. Halafu mawili. Halafu tena moja, wiki nzuri. Halafu matatu, manne. Safu za chini kila karatasi ilikuwa na kipandio kizima cha uzi kilichoyumba, sita kwa sita. Hakuna aliyehitaji kumweleza. Alisoma kama anavyosoma picha ya taya, kidole kikitembea hewani bila kugusa, na kidole chenyewe kilikuwa kinatetemeka, na kwa mara ya kwanza sote wawili tulikuwa tunakitazama.

Kidole kikasimama.

"Hii ni siku ya Mama Taa," akasema.

Ilikuwa sita kwa sita.

"Hakusogeza taa."

"Sijui," nikasema. "Sikuwepo."

"Mimi nilikuwepo." Akavua lenzi. Ndipo hasira zilipokuja, na hazikuja na kelele. "Unajua umefanya nini? Nilikuwa na njia moja ya kujua. Moja. Umeniacha niingie kwenye midomo ya watu kwa miezi minne nikiwa na cheti ulichokiandika wewe. Baba yangu watu walimcheka, lakini angalau walimcheka mapema. Mimi umenifanya hatari, na ukanifanya nijisifu."

"Na wewe ulinificha!" nikasema, maana na mimi nina mdomo. "Mume mzima unaogopa mikono yako, unakwenda kuiuliza meli ya mbao badala ya kuniuliza mimi niliyelala kando yako! Ungesema neno moja tu, ningegusa nini?"

Nilikuwa na haki nusu, na nusu hiyo haikunisaidia kitu, kwa sababu mtu aliyechanwa mdomo hana habari na nusu zetu. Nikaanza kulia. Sikutaka, nilijikaza kisabuni, lakini machozi hayakuniomba ruhusa.

Mlango ukagongwa. Kasuku hakuwa amesubiri kliniki. Alikuwa amekuja kumchukua baba yake waende pamoja. Aliingia na skafu shingoni, akaona mkate umesukumwa ukutani na meza imejaa tarehe.

"Kuna nini? Nani kafa?"

Nahodha alikuwa ameshika simu tayari. Aliongea na daktari mwenzake wa upande wa pili wa mji, kwa maneno machache, jino gani, mzizi umekaaje. Akamwandikia Kasuku anwani kwenye pembe ya gazeti. Aliandika kwa taabu, na safari hii hakuificha kwa mkono wa pili.

"Utakwenda kwa huyu Jumatatu," akasema. "Mimi sing'oi."

"Lakini juzi umenionyesha. Nimeona mwenyewe." Kasuku akajaribu kutabasamu. "Nahodha? Mikono si ipo?"

"Haipo, mwanangu."

Ndiyo mara pekee nimemwona mtoto yule akikosa la kusema. Alitazama karatasi, akanitazama mimi, akavuta kiti, akakaa.

Baba yake alivua koti jeupe, akalitundika kwenye msumari wa kalenda, juu ya kalenda yenyewe. Kisha akapiga simu ya pili. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Ilipopokelewa alisimama wima, kama mtu aliyeitwa ofisini, akasema, "Mama Taa, ni mimi. Tafadhali usikate. Haikuwa taa." Akasikiliza kwa muda mrefu. Alisema "ndiyo" mara nne, na "najua" mara moja, na hakujitetea. Aliyosema Mama Taa sijaambiwa mpaka leo, na sijauliza.

Jumatatu Kasuku aling'olewa jino, na Alhamisi akarudi hewani, midomo yote miwili. Nahodha amepewa siku ya kuonwa na daktari wa mishipa ya fahamu. Karatasi za kalenda amezifunga kwa mpira, anakwenda nazo, anasema hakuna mgonjwa anayefika na kipimo kizuri namna hiyo. Alisema hivyo kwa Kasuku. Mimi kwa siku nne alinisemesha habari ya chumvi na funguo tu, na nilistahili.

Siku ya tano, jioni, nilisikia taa ya chumba cha meli ikibofywa. Kulikuwa kumebaki vipandio tisa. Alikaa saa nzima ambapo zamani angekaa dakika kumi, akatoka, akavua viatu.

Asubuhi nikapita na kitambaa cha vumbi. Kipandio kilikuwa kimeinama kama kamba ya kuanikia nguo zilizolowa, fundo la tatu limefunguka lote. Mkasi ulikuwa mfukoni mwa aproni yangu. Nikafuta meza, nikafuta benchi, nikafuta chini ya meli bila kuitikisa. Nikatoka nikakaa kwenye cherehani na mikono imewekwa mapajani mpaka mteja wa kwanza alipogonga.

Jioni alivaa lenzi. Nikasimamisha cherehani, nami sikuhesabu chochote.

"Mama Kasuku," akaita. "Njoo uone."

Nikavuta tumbo nikaingia. Akanivika lenzi yeye mwenyewe, mikanda ikamsumbua, nikaacha imsumbue. Nikainama. Mafundo sita, makavu, makubwa kama vichwa vya njiti za kiberiti, na mikia yote imelala kulia.

"Mabaya," nikasema.

"Mabaya," akakubali, akasogea kwenye benchi nipate pa kukaa.